Mwenzako Akiwa Mgonjwa Wako

Katika vituo vingi vya afya vijijini, mgonjwa anayetibiwa ovyo kuliko wote ni mtumishi mwenyewe. Anatibiwa upesi, tena kwa mapenzi, lakini ovyo. Muuguzi anamsimamisha daktari mlangoni pa wodi ya wazazi: "Dokta, kichwa kinanigonga tangu juzi, hebu niandikie kitu." Dokta anachomoa kalamu, anaandika kwenye karatasi ya glavu, dawa inatoka dirishani bila foleni, na hakuna aliyempima presha. Mkulima aliyeletwa na bodaboda kutoka kijiji cha mbali amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, lakini yeye atapimwa joto na uzito, atatolewa damu, atafunguliwa faili. Aliyepita mlango wa nyuma ndiye aliyepunjwa.

Kwa hiyo wewe uliyepangiwa wilayani, ambaye karibu kila mtumishi wa afya katika tarafa nzima atakuja kwako siku moja, nakushauri uanze na hili: mwenzako mpe utaratibu mzima. Upendeleo uwe kwenye muda na staha. Kwenye vipimo usiwepo.

Hatua ya kwanza ni kukataa korido bila kumkataa mtu. Ukisema tu "nenda OPD ujiandikishe", utaitwa daktari mwenye maringo kabla jua halijazama. Sema: "Sista, hilo nataka nilisikilize vizuri. Njoo saa nane, chumba cha pili, watu watakuwa wamepungua. Njoo na kadi ya bima." Umempa saa, umempa chumba, na amejua hukumpuuza. Ukiweza, tenga saa moja mara mbili kwa wiki, mchana foleni ikilegea, ambayo watumishi wanajua ni yao. Usiibandikie tangazo mlangoni. Kila atakayeonekana akiingia ataulizwa anaumwa nini.

Suala la kadi lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwajiri anaongeza asilimia 3 nyingine. Ukimtibu kwa kipande cha karatasi, kituo kinakosa malipo ambayo tayari yametoka mfukoni mwake, naye anakosa kumbukumbu. Kumbukumbu ndiyo itakayomwokoa. Presha iliyoandikwa leo 150/95, ikaandikwa tena mwezi ujao 155/100, ni ugonjwa unaoonekana. Presha iliyopimwa mara mbili "kwa kuibia" na mashine ya wodini haiko popote.

Akishaketi, swali la kwanza lisiwe "unaumwa nini". Muulize ameshajitibu nini. Uliza taratibu, bila kukunja uso, kwa sababu jibu mara nyingi ni refu: dawa mseto tangu Jumamosi bila kipimo, halafu seftriaksoni sindano mbili alizochomwa na mwenzake wa zamu, halafu dripu nyumbani, chupa ikining'inia kwenye msumari wa pazia. Watumishi wa afya wana imani kubwa na sindano, na wana ufunguo wa stoo. Daktari asiyejua kilichokwishaingia mwilini atashangaa kwa nini kipimo cha malaria hakioni kitu na homa haishuki, au kwa nini mkojo haukuotesha mdudu maabara.

Kisha mweleze ugonjwa kana kwamba hajawahi kuusikia. Hapa wengi tunateleza kwa heshima. Tunamwambia muuguzi "unajua mwenyewe", tunakatisha. Muuguzi mkunga mwenye miaka ishirini kazini anajua kifafa cha mimba kuliko wewe, lakini huenda mara ya mwisho kusoma habari za kisukari ilikuwa chuoni. Tena mtu akiwa mgonjwa, elimu yake huwa haimfikii masikioni. Njia isiyoudhi ni hii: "Sista, leo acha nikueleze kama mgonjwa mwingine yeyote, usije ukasema nilikuruka." Watacheka, na watasikiliza.

Umri nao una mambo yake. Daktari wa miaka 28 anamtibu mama aliyempokea mikononi wakati wa mafunzo ya vitendo. Unaanza kwa shikamoo, lazima, hata kama wewe ndiye mganga mfawidhi. Naye atakujibu, "Marahaba mwanangu, mimi sina shida, ni presha tu, nimeshajiongezea kidonge." Usibishane na kile kidonge mara moja. Mpime kwanza, mikono yote miwili, akiwa amekaa dakika tano, kisha mwonyeshe namba. Mama wa namna hii habishani na namba. Na ikiwa uchunguzi unahitaji kuvua nguo, usijifanye kwamba hamjuani. Muulize waziwazi kama angependa aangaliwe na mtu mwingine, na uwe tayari una huyo mtu mwingine.

Siri katika kijiji chenye ukuta mwembamba

Huyo mtu mwingine ndiye nguzo ya mpango wako wote. Kuna magonjwa ambayo mtumishi hatayaleta kituoni kwake hata ukiwa malaika: VVU, mimba iliyoharibika, magonjwa ya zinaa, uzazi wa mpango ambao mume hajui, uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, na huzuni. Ana sababu. Mtu wa maabara ni jirani yake nyumba za watumishi, karani wa kumbukumbu ni shemeji yake, na rejista ya MTUHA iko wazi mezani. Muuguzi anayewachunguza akinamama wa miaka 30 hadi 50 kwa siki kila Jumatano anaweza kuifikisha hiyo 50 yeye mwenyewe hajapanda kile kitanda.

Kwa hiyo zungumza na daktari wa wilaya ya jirani, au wa hospitali ya misheni iliyo karibu, mbadilishane. Wako wataangaliwa kwake, wake kwako. Mkubaliane mambo matatu tu: siku, namba ya simu ya mtu mmoja atakayewapokea, na kwamba majibu hayarudi kituoni kwa barua wala kwa mdomo isipokuwa mgonjwa mwenyewe ameruhusu. Mtumishi anayeishi na VVU akitaka kuchukulia dawa kliniki ya tiba na matunzo ya wilaya nyingine, mwandikie uhamisho bila kuhoji. Kama ametulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mingi kwa pamoja, na safari zake hazitamwondoa kazini mara kwa mara.

Wapo wasioweza kwenda, kwa sababu ya nauli au uhaba wa watu wa zamu. Kwao, vunja mnyororo wa macho. Sampuli ipeleke mwenyewe maabara ikiwa na namba badala ya jina, majibu yapokee mwenyewe, faili likae kwenye kabati lenye kufuli. Sina imani na ahadi za "hapa kwetu siri haitoki". Kufuli naliamini zaidi.

Sindano iliyomchoma

Ajali ya sindano ndiyo mahali ambapo daktari wa wilayani anaweza kuokoa mwenzake ndani ya saa moja, au kumwangusha. Yapange haya kabla hayajatokea.

Jeraha linaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni. Halikamuliwi, halipakwi jiki. Kisha inafuata dozi ya kwanza ya PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya ajali), ambayo inatakiwa imezwe ndani ya saa mbili ikiwezekana, na baada ya saa 72 haina tena maana. Sasa jiulize: usiku wa Ijumaa, mfamasia amekwenda mjini, ufunguo wa stoo uko wapi? Dozi za kuanzia za siku tatu ziwe kwenye kabati la chumba cha kujifungulia, ambako hakufungwi kamwe, na muuguzi wa zamu aruhusiwe kuzitoa bila kukusubiri. Katika vitu vyote nilivyovitaja humu, hiki kinagharimu kidogo kuliko vyote.

Dozi ya kwanza haisubiri majibu ya kipimo. Lakini kipimo cha mwanzo cha aliyechomwa ni lazima kifuate, na hapo ndipo wengi wanakimbia, kwa sababu anayewapima ni mwenzao. Wengine huona heri wakae na hofu kuliko mtu wa maabara ajue. Mpe kitepe cha kujipima mwenyewe aanze nacho, kisha kipimo rasmi kifanyike kwa namba, kama nilivyosema. Kikionyesha tayari ana maambukizi, hapewi tena PEP. Anaanzishiwa matibabu, na unamshukuru kwa ujasiri wake. Mgonjwa chanzo naye apimwe kwa ridhaa yake. Kuchungulia faili lake kwa siri ni kosa hata kama nia ni njema.

Mwambie takwimu, maana usiku ule hofu ni kubwa kuliko hatari. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza takriban mara 3 katika 1,000. Kinachotisha zaidi ni homa ya ini B. Kama chanzo anayo na aliyechomwa hajachanjwa, hatari ni kati ya asilimia 6 na 30. Hata hivyo nimeona vituo ambavyo kila mtu anaulizia VVU na hakuna anayeuliza habari ya ini.

Hapa pana jambo la kitabibu ambalo husahaulika. Dawa mbili kati ya zile za PEP, tenofovir na lamivudine, zinapigana pia na kirusi cha homa ya ini B. Mtumishi mwenye homa hiyo bila kujua akimeza kwa siku 28 kisha akaacha, ini linaweza kuwaka. Kwa hiyo kipimo cha homa ya ini kifanyike mwanzoni, pamoja na cha VVU. Kabla dawa hazijaisha uwe unajua.

Chanjo ya homa ya ini B yenyewe ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, maana yake watumishi wako waliozaliwa kabla ya hapo, yaani karibu wote wenye uzoefu, hawakuipata utotoni. Wengi walipata dozi moja ya kampeni fulani wakahesabu wamemaliza. Tengeneza orodha, fuatilia dozi ya tatu. Dozi ya tatu ndiyo inayopotea.

Mwisho wa yote, andika tukio siku hiyohiyo, kwa jina la kifaa, saa na mahali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015, unahudumia ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, kwa watumishi wa umma na wa binafsi. Lakini mfuko haulipi hadithi. Hali ni hiyo kwa muuguzi aliyepata kifua kikuu wodini. Bila kumbukumbu ya wapi alikuwa amepangiwa na lini dalili zilianza, atakuwa ameugua tu kama watu wengine.

Mapenzi yasikuvue kinga

Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiongoza Hospitali ya St. Mary's Lacor, alisimamia wodi ya kutenga wagonjwa huku wauguzi wake wakiambukizwa mmoja baada ya mwingine. Inaaminika aliupata ugonjwa usiku alioitwa kumhudumia muuguzi wake aliyekuwa mahututi. Alivaa glavu, gauni na barakoa, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo. Machi 2023 Marburg ilipotangazwa Kagera, kati ya vifo vitano vya kwanza kimoja kilikuwa cha mtumishi wa afya.

Lukwiya alikuwa mtaalamu na alikuwa jasiri, sina la kumfundisha. Ninachokisema ni kwamba anapoita mwenzako, miguu inakimbia kuliko akili. Tumia kanuni ya watu wawili: anayeitwa usiku kwa mtumishi mwenye homa na kutokwa damu, au kwa kikohozi kisichojulikana, haingii mpaka mtu wa pili amkague kinga kuanzia kichwani hadi miguuni. Na mtumishi anayekohoa kwa wiki mbili atoe makohozi, kama ambavyo yeye mwenyewe angemwagiza mgonjwa. Usikubali "ni vumbi la barabara hii".

Wewe ni daktari wake na pia ni bosi wake

Mganga mfawidhi anayetibu watumishi wake ana kofia mbili, na hawezi kuivua moja kwa kutamka tu kwamba ameivua. Muuguzi anakuja na maumivu ya mgongo. Kama daktari unajua anahitaji wiki moja, kama mfawidhi unajua zahanati ile ina wauguzi wawili, na huyu akipumzika leba inabaki na mmoja. Pasipo kujitambua utaanza kuona maumivu yake ni madogo.

Ukiweza, ED, yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, aandike mwingine. Usipoweza, iandike kabla hujafungua ratiba ya zamu, si baada. Cheti kinachokwenda kwa muuguzi mfawidhi kitaje kile ambacho mtu hawezi kufanya na kwa muda gani: asiinue wagonjwa kwa wiki mbili, asipangiwe usiku mpaka ajifungue, asiingie wodi ya kifua kikuu. Jina la ugonjwa halihusiki hapo. Kwenye ubao wa ratiba pia, ziandikwe tarehe tu. Walio kwenye hospitali za binafsi na za misheni, wanaosimamiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, wana haki ya siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Wengi hawajui, na wanachechemea kazini wakidhani watafukuzwa.

Kofia hizi zinagongana vibaya zaidi pale dawa za kabati la DDA, zile zinazodhibitiwa kwa kulevya, zinapokosa hesabu, au harufu ya pombe inapoonekana zamu ya asubuhi. Siri ya mgonjwa haiwezi kumruhusu mtu mwenye mikono inayotetemeka kushika sindano ya mtoto. Mwite peke yake, mwambie ulichokiona, mwambie lini na kwa nani utalazimika kusema, na umwambie kabla hujasema. Kisha mtafutie tiba mbali na wilaya. Ukimficha, utamfanyia hisani ya miezi michache tu.

Huzuni haiji na dalili rahisi kama hizo. Mkunga aliyefiwa na mzazi mikononi anakwenda kwenye kikao cha kujadili kifo, anaulizwa maswali mbele ya watu, anarudi zamu. Baada ya wiki anakuja kwako na "vidonda vya tumbo". Mpe dawa ya tumbo kama anaihitaji, halafu muulize analala saa ngapi, na kama bado anamwona yule mama. Muulize pia, kwa maneno ya wazi, kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani.

Wasiokuja

Mpaka hapa nimewazungumzia wanaokushika mkono koridoni. Wapo wasiothubutu: mfanya usafi anayebeba maboksi ya sindano hadi kwenye kichomea taka, dobi, mlinzi, dereva wa ambulansi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayetembea kaya kwa kaya kwa posho isiyo na tarehe. Mara nyingi hawana kadi ya bima, na hakuna anayewaita Sista. Sindano iliyotupwa vibaya na daktari humchoma mfanya usafi, naye hujifunga kitambaa akaendelea kufagia, kwa kuwa anaogopa kuambiwa mzembe. Chanjo ya homa ya ini anza na hawa. Kama kampuni ya usafi ina mkataba na halmashauri, dai chanjo na buti ziandikwe ndani ya mkataba unaofuata.

Njia rahisi ya kuwafikia wote bila kumwaibisha mtu ni mwezi wa kuzaliwa. Kila mtumishi, kuanzia daktari hadi mlinzi, mwezi wake ukifika anapimwa presha, sukari, uzito, anaulizwa maswali ya kifua kikuu, anakaguliwa kadi ya chanjo, na anapewa nafasi ya kupima VVU akitaka, hapa au kwa jirani. Hakuna anayeweza kuuliza "kwani anaumwa nini", kwa kuwa kila mtu ana mwezi. Usifanye hivi kwenye kikao cha watumishi mashine ikizungushwa mezani, namba zikisomwa kwa sauti. Nimeona ikifanyika, na waliokuwa na presha kubwa walijua namna ya kukosekana kikao kilichofuata.

Na wewe je? Wahenga walishasema mganga hajigangi. Yule daktari wa wilaya ya jirani mliyebadilishana naye wagonjwa ndiye daktari wako. Mpigie wiki hii ukiwa mzima. Mtajie dawa unazotumia, mzio ulio nao, kundi lako la damu na nani wa kuarifiwa nyumbani, naye akuandikie faili. Mkubaliane pia kwamba siku ukimpigia kuuliza "hivi dozi ya kitu hiki ni ngapi" bila kumtaja mgonjwa, anaruhusiwa kukuuliza kama mgonjwa ni wewe.